Wimbo Usio na Isnadi

Sisi tuliopitia chuoni twaijua thamani ya jina la mtu. Mwanafunzi akitaja Hadithi mbele ya mwalimu wake, haulizwi maneno tu. Huulizwa na njia yake: imepokewa na nani, kutoka kwa nani, na huyo naye aliipata wapi? Mnyororo huo wa majina ndio isnadi. Pete yake moja ikikatika, hata maneno yakiwa matamu namna gani, wanazuoni huyatazama kwa jicho la shaka.

Leo nataka kuliazima neno hilo. Naliazima kwa adabu, maana najua lilikotoka. Wala silinganishi Hadithi na wimbo, hasha. Moja ni dini na jingine ni burudani ya dunia, na msomaji ambaye moyo wake hauelekei kwenye ala na nyimbo simlazimishi. Nilichokusudia ni ile amana ya mpokezi peke yake: mtu aliyepokea maneno ya mwenziwe akayafikisha kwa watu wengine, ana deni gani kwa mwenye maneno?

Swali hili limenijia kutoka mahali ambapo wengi wetu hatupiti. Kuna namna ya onyesho la muziki la Wazungu ambalo hatulipendi wala hatulichukii, kwa kuwa hatujapata kulisikiliza. Muimbaji mmoja husimama mbele ya watu bila kipaza sauti. Kando yake yuko mtu mmoja kwenye piano. Hakuna ngoma, hakuna wapambe, hakuna wa kuitikia. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi, wawili hao huwatembeza wasikilizaji karne tatu au nne na lugha nne au tano. Aghalabu huanza na Kitaliano cha zama za 1600, wakaingia Kijerumani cha Schubert na Brahms, wakapita Kifaransa cha Fauré na Debussy, pengine na Kirusi cha Rachmaninoff, kisha wakamaliza kwa lugha ya nyumbani kwao. Muimbaji hufunzwa kuitoa kila herufi mahali pake katika lugha hizo zote, jambo ambalo aliyesoma tajwidi hatalistaajabia.

Piano nayo si mtumishi wa sauti. Mnamo Oktoba 1814 Franz Schubert wa Vienna, akiwa kijana wa miaka 17, alitia sauti maneno ya Goethe ya msichana anayesokota uzi. Mkono wa kulia wa mpiga piano ndio gurudumu linalozunguka. Msichana akifika kwenye kumbukumbu ya mpenziwe, gurudumu linasimama. Kisha linaanza tena kwa kusitasita, kama mtu aliyejikumbusha kazi. Hakuna aliyeambiwa kwa maneno kwamba msichana ameacha kusokota. Piano ndiyo iliyosema.

Jina la onyesho hilo kwa Kiingereza latokana na neno lenye maana ya kusoma kwa sauti mbele ya watu, yaani kughani. Mwaka 1840 mpiga piano mashuhuri wa Hungaria, Franz Liszt, alipolitumia katika matangazo yake huko London, watu walistaajabu: vipi mtu ataghani kwa piano? Mswahili asingestaajabu. Kwetu shairi halijawa shairi kamili mpaka limepata sauti. Na mwaka huo wa 1840 ndio unaotajwa kuwa mwaka aliofariki Muyaka bin Haji, ambaye tungo zake zilikuwa zikienda vinywani mwa watu wa Mvita miaka mingi kabla hazijaingia kitabuni.

Basi ni kipi katika onyesho hilo kilichonifanya niandike? Ni karatasi. Kila anayeingia ukumbini hupewa karatasi, na juu yake kila wimbo umeandikiwa jina la mtunzi wa maneno, jina la aliyeyatia sauti, na aghalabu miaka ya kuzaliwa na kufa kwao. Kisha yafuata maneno yenyewe kwa lugha yake ya asili, na pembeni tafsiri yake, na chini ya tafsiri jina la aliyeifasiri. Muimbaji aliyesimama mbele ya watu na kupigiwa makofi ni pete moja tu katika mnyororo, na karatasi yasema hivyo waziwazi. Hiyo ndiyo isnadi ya wimbo.

Wala nisidhaniwe kuwa nawasifu Wazungu kwamba hawakosei. Mnyororo wao nao umewahi kukatika, na mikatiko yake ndiyo yenye mafunzo. Nitaitaja mitatu.

Wa kwanza watuhusu sisi kuliko msomaji anavyofikiri, maana unaanza Shiraz. Huko aliishi katika karne ya 14 malenga mkubwa wa Kiajemi, Hafidh, aliyelipata lakabu hilo kwa kuihifadhi Kurani moyoni. Katika miaka ya 1812 na 1813 diwani yake ilitoka kwa Kijerumani, imefasiriwa na Joseph von Hammer. Goethe, aliyekuwa akihesabiwa kinara wa washairi wa Kijerumani, aliisoma mwaka 1814, akiwa mtu mzima wa miaka 64 hivi, ikamshika asilale. Akajifunza kuandika herufi za Kiarabu. Mwaka 1819 akatoa diwani yake mwenyewe ya kumjibu Hafidh, na mwanzoni mwake akaweka jina kwa Kiarabu lenye maana ya Diwani ya Mashariki ya mtunzi wa Magharibi. Ndani yake wapendanao wawili huitana Hatem na Zulekha.

Katika tungo za Zulekha mna mbili ambazo waliozisoma walizisifu sana. Moja yauliza upepo wa mashariki umeleta habari gani, na ya pili yautuma upepo wa magharibi umpelekee salamu aliye mbali. Mwaka 1821 Schubert alizitia sauti zote mbili. Katika ule wa upepo wa mashariki, piano yaanza na mvumo wa chini unaopanda kidogo kidogo, na kufikia mwisho ule mvumo umegeuka kuwa pigo la moyo linalorudiwa bila kuchoka. Schubert alifariki mwaka 1828, naye kwa yakini yake alikuwa ametia sauti maneno ya Goethe.

Hayakuwa ya Goethe. Yalikuwa ya Marianne von Willemer, mke wa tajiri mmoja wa Frankfurt, rafiki yake Goethe, aliyeyaandika Septemba 1815 katika safari yake ya kwenda na kurudi Heidelberg. Goethe aliyageuza hapa na pale, akayatia katika diwani yake, asitaje jina. Bibi huyo alinyamaza. Aliyasikia maneno yake yakisifiwa kwa jina la mwingine kwa zaidi ya miaka 40, mpaka alipofariki mwaka 1860. Alikuwa amemfunulia siri msomi mmoja, Herman Grimm, naye akaitangaza mwaka 1869. Siku hizi karatasi iliyoandikwa kwa uangalifu humtaja bibi huyo mahali pake. Walakini yeye mwenyewe hakuiona hata moja.

Wa pili ni wa nyumba moja. Fanny Mendelssohn, aliyezaliwa mwaka 1805, alikuwa na kipaji cha kutunga muziki kama nduguye mdogo, Felix. Lakini jamaa zake hawakuona kuwa ni heshima kwa mwanamke kuchapisha. Felix akazitia nyimbo sita za dadake katika vitabu vyake viwili, kwa jina lake yeye. Mojawapo ilikuwa majibizano ya Hatem na Zulekha kutoka diwani ile ile ya Goethe. Mwaka 1842 Felix alikaribishwa na Malkia Victoria, naye Malkia akataka kumwimbia wimbo aupendao katika kitabu hicho. Akauchagua mmoja, akauimba. Felix, na hili lahesabiwa katika fadhila zake, akakiri papo hapo kuwa wimbo huo ni wa dadake. Fanny alianza kutoa vitabu vya muziki wake kwa jina lake mwenyewe mwaka 1846, na mwaka uliofuata akafa.

Wa tatu ni kinyume cha hiyo miwili. Mwaka 1846 Mjerumani mmoja, Georg Friedrich Daumer, alitoa kitabu alichokiita kwa jina la Hafidh. Sehemu kubwa yake ilikuwa maneno yake mwenyewe, aliyoyavisha kilemba cha Kishirazi. Brahms akayatia sauti baadhi yake kwa uzuri usio kifani, na mpaka leo watu huyaimba wakidhani wamsikia Hafidh. Kwa hivyo isnadi huharibika kwa namna mbili: kumnyima mtu kilicho chake, na kumbandika mtu kisicho chake.

Mpaka hapa nimewataja watu ambao majina yao yaliweza kutafutwa na kupatikana. Lakini kikao kama hiki huko Marekani mara nyingi humalizika kwa nyimbo ambazo karatasi haina la kuandika. Nazungumzia nyimbo za ibada walizotunga watu weusi katika utumwa. Roland Hayes, aliyezaliwa Georgia mwaka 1887 na mama aliyekuwa mtumwa, alisimama katika kumbi za Marekani na Ulaya akaimba Kitaliano, Kijerumani na Kifaransa, kisha akaziweka nyimbo hizo safu moja na za Schubert. Marian Anderson alifanya vivyo hivyo tarehe 9 Aprili 1939 huko Washington, mbele ya watu wapatao 75,000, baada ya kukataliwa ukumbi kwa sababu ya rangi yake.

Nani alizitunga? Hajulikani, na kutojulikana huko hakukuja kwa bahati mbaya. Mtu aliyeandikwa katika daftari pamoja na ng'ombe na majembe hakuachiwa jina la kuweka chini ya wimbo. Sisi wa pwani hatuwezi kulisikia hilo kama habari ya mbali, maana majahazi yaliyopakia watu yalitia nanga na bandarini kwetu, na wao pia walikuja na nyimbo.

Tazameni lakini alivyofanya Harry Burleigh, aliyezipangia piano nyingi katika hizo mwanzoni mwa karne iliyopita. Hakujitangaza kuwa mtunzi wake. Alieleza kuwa alizisikia kwa babu yake mzaa mama, mzee asiyeona vizuri, aliyekuwa mtumwa akajikomboa. Jina la mtunzi lilikuwa limepotea, naye akaishika pete iliyobaki: nimepokea kwa fulani. Hata aliyenyang'anywa kila kitu waweza kumrudishia hicho.

Sasa nirudi kwetu. Nasema bila ya woga kuwa katika jambo hili wazee wetu walikuwa mbele. Marianne von Willemer alipokuwa akinyamaza huko Frankfurt, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa akiukamilisha utenzi wake wa kumuusia bintiye, mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858. Mwishoni mwa utenzi aliweka jina lake, akataja Pate alikozaliwa, akatia na mwaka. Bibi mgonjwa, mwenye haya na dini, hakuona kuwa kujitaja ni kujionyesha. Aliona ni wajibu, ili atakayesoma ajue anamwombea nani. Hafidh naye ilikuwa ada yake kulitia jina lake katika beti za mwisho. Ndiyo desturi ya wenye elimu: maneno yana mwenyewe, na mwenyewe atasailiwa kwayo.

Tungo za Muyaka nazo zina mnyororo uliotimia. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kwa wazee wa Mvita, akashirikiana na kasisi wa Kiingereza W. E. Taylor kuziandika na kuzieleza. Hichens akazichapa mwaka 1940, na Profesa Mohamed Abdulaziz akazitolea kitabu chenye maelezo mwaka 1979. Ukisoma leo, wajua kila mkono uliozishika.

Hata katika taarabu tulikuwa na mwendo mzuri. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba tungo nyingi za jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir, na waliokuwa wakisikiliza walijua ni za nani. Diwani ya Ustadh, Malenga wa Mvita, ilitoka mwaka 1971, na aliyetaka kuhakikisha alifungua kitabu. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alipokuwa akipiga udi na kuimba maneno ya Kiamu, nyuma yake alikuwa Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, akimpa tungo na maana yake.

Je, siku hizi? Tungo hizo hizo zimo katika simu za vijana. Chini yake pameandikwa jina la muimbaji, na mara nyingi si muimbaji wa kwanza, bali aliyemwiga juzi arusini. Jina la mtunzi halipo. Nimekwisha kuona shairi la Kiamu ambalo wazee wanajua limetoka nyumba gani, limeandikwa kuwa ni la kale na mtunzi hajulikani. Hajulikani kwa nani? Ni hajulikani ya mtu asiyeuliza. Watumwa wa Marekani walipokonywa majina yao kwa mjeledi. Sisi twayatupa ya wazee wetu kwa uvivu.

Najua nitakavyojibiwa. Kuna watakaosema: wimbo ukishaimbwa ni wa watu wote, na nyimbo za vugo za mama zetu hazikuwa na jina la mtu. Ni kweli, na vugo sitaki lipachikwe jina la uongo, tukawa kina Daumer. Lakini wimbo wa jamaa nao una isnadi yake: ni wa mji gani, uliimbwa katika shughuli gani, nimeupokea kwa bibi yupi. Burleigh aliyeufanya uaminifu huo alikuwa mjukuu wa mtumwa. Sisi tuna udhuru gani?

Wengine watasema kutajataja majina ni ria, na aliyetunga kwa ajili ya Mungu ujira wake uko kwa Mungu. Ujira wake uko kwa Mungu, hapana shaka. Lakini hiyo ni hesabu ya mtunzi na Mola wake. Mimi nauliza hesabu ya muimbaji na mtunzi. Mtu akiamua kuificha sadaka yake amefanya vyema. Jirani akiichukua sadaka hiyo akaitoa kwa jina lake, hilo tutaliitaje?

Kwa hivyo naomba mambo matatu, wala hayana gharama.

La kwanza, muimbaji wetu, awe wa arusini, wa jukwaani au wa redioni, kabla ya kuanza ataje: maneno ni ya fulani, sauti ameitia fulani. Ni muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Asiyejua aseme sijui, na aseme ameusikia kwa nani. Na anayeurusha wimbo katika mitandao aandike majina hayo hayo.

La pili, maneno yaandikwe, na yaelezwe. Wasikilizaji wa Schubert hupewa tafsiri bila ya kuona haya, lakini sisi twaona aibu kumfasiria Mswahili Kiswahili. Kijana wa Nairobi, na hata wa Mombasa, akisikia Kiamu cha zamani au Kimvita cha Muyaka hushika neno moja akaacha matatu. Atapenda sauti na kuisahau kesho, kwa kuwa hakupewa maana. Ukurasa mmoja wa maneno ya asili, na pembeni maelezo kwa lugha ya leo, ungemrudishia kilicho chake.

La tatu ndilo la haraka zaidi. Katika nyumba nyingi za Lamu, Pate, Siyu, Mombasa na Malindi mna kanda kuukuu ndani ya sanduku, na karatasi za herufi za Kiarabu ndani ya kashabu. Juu yake hapana maandishi. Anayejua ile ni sauti ya nani na maneno ya nani ni mzee mmoja, pengine wawili, na siha yao mwaijua. Herman Grimm alimwahi Marianne von Willemer angali hai. Lau angechelewa, mpaka leo dunia ingekuwa yamsifu Goethe kwa maneno ya bibi yule. Mwenye mzee nyumbani na achukue kalamu leo baada ya alasiri, akae naye, wasikilize kanda moja, aandike juu yake jina la mtunzi, jina la muimbaji, mji na mwaka. Kesho wasikilize ya pili.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtunzi aliyekufa ndiye mnyonge kuliko wote, kwani hawezi kuja arusini kusema kuwa maneno yale ni yake.